Kisigino cha Kushoto

Nyumbani, ghorofani,
juu ya karakana ya viatu.
Alhamisi, asubuhi, jua halijafika dirishani.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha, nami nakuitikia kabisa, tusije tukadaiana. Hujambo? Mumeo hajambo? Kile kikohozi chake kimepungua, au bado anawaamsha majirani? Na macho yako je? Sisi huku tunakula, tunalala. Anayeandika ni mkwe wetu, mke wa mwanao, huyu niliyemzaa mimi. Mimi nasema, yeye anakimbizana nami na kalamu. Ukiona mahali pamekatwa, hapo nilimwambia futa.

Mimi mwenyewe sijui nikwambie naumwa au siumwi. Miguu ina ganzi mpaka vifundoni. Daktari anasema ni sukari. Nikikanyaga sakafu ni kama nakanyagia mguu wa mtu mwingine. Siku moja nilizunguka jikoni na msumari wa kiatu umeniingia unyayoni. Nikaona madoa mekundu sakafuni, nikamgombeza mkwe, nani kamwaga juisi? Kumbe ni mimi. Sikusikia kitu.

Na kulia, sijalia bado, tangu tumzike shemeji yako. Wewe ulilia kwa niaba ya ukoo mzima mpaka ukaletewa kiti. Mimi nilikuwa nawaangalia wageni nikiwaza kama vikombe vitatosha. Watu wanasema machozi yatakuja. Hayajaja. Naamka, natandika upande wangu, upande wake hauna cha kutandika, nashuka ngazi. Basi.

Sasa hapo kwenye ngazi ndipo penye habari.

Najua mwanao alikupigia simu. Nilipoanguka pale ngazini alikwambia mama hawezi tena kukaa juu, na wewe ukasema mlete kwangu, namwandalia kitanda chumba cha nyuma. Mkwe kanieleza yote. Usimlaumu, nilimbana. Kwa kitanda nakushukuru. Lakini hiki ndicho chumba tulicholala na shemeji yako tangu mwanao hajazaliwa, na hapa chini ndipo karakana yake. Nilikuwa nasikia nyundo kabla sijafumbua macho. Sasa sisikii nyundo, ila najua imelala wapi. Nikija kwako, hata hilo sitalijua.

Nikamwambia mwanao nipe muda. Akasema, "Sawa, mama. Reli ya ngazi ushike, mtu usishike. Siku ukishuka hivyo mwenyewe mpaka chini, sitakusumbua tena. Ukishindwa, nakupakia garini kwa mama mdogo." Mbishi kama baba yake, ila baba yake alibisha kwa kunyamaza.

Basi muuguzi anayenikagua miguu pale zahanati akanipeleka kwenye ukumbi wao. Wanasukuma mabenchi ukutani, wazee wanafanya mazoezi yanaitwa tai chi. Nikadhani ni ya kurukaruka. Wapi! Watu wazima na akili zao wamesimama, wanapitisha mikono hewani kama wanafuta kioo kisichokuwepo. Nikataka kurudi nyumbani. Mwalimu ni mwanamke mpole, ana sauti ya kulaza watoto. Anasema hamisha uzito wote mguu mmoja, taratibu, kama unamimina maji ndoo hii kwenda ile. Ndoo ikishakuwa tupu, ndipo unyanyue mguu. Sisi wa ganzi hatuvui viatu. Anasema mguu usiosikia hauachwi uchi. Na kila jioni tutazame nyayo kwa kioo. Mkwe ananishikia kioo, tunainamia miguu yangu kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka.

Jirani yangu kwenye mstari ni mzee mmoja aliyekuwa fundi saa. Siku ya kwanza nikajimimina kushoto, nikaenda moja kwa moja mpaka kifuani kwake. Akanidaka. "Bibi, posa huletwa nyumbani," akasema. Ukumbi mzima kicheko. Nikamwambia, "Nikuchumbie wewe, fundi saa uliyefika wa mwisho leo?" Tukacheka. Siku ya pili nikaenda kushoto tena. Siku iliyofuata, kushoto. Ikafika mahali hakuna anayecheka, na mimi nikaanza kukiona kile kitanda chako cha chumba cha nyuma, na shuka yake.

Mwalimu akanisimamisha ukutani, akanishika nyonga, akachuchumaa kutazama. Akaniuliza viatu hivi nimeanza kuvaa lini. Ni vile vya raba alivyoninunulia mwanao wiki ya msiba, laini kama mto wa mtoto. Ndivyo nilivyokuwa nimevaa nilipoanguka ngazini. Akasema, "Mama, mguu wako wa kushoto ni mfupi. Si sana, unene wa kidole." Nikapandwa na hasira. Nimezaa kwa miguu hii, nimebeba maji, nimecheza harusi yako mpaka kumekucha, leo mtu aniambie niliumbwa kombo? Nikamwambia nimetembea wima maisha yangu yote, muulize yeyote. Akasema, "Nakuamini, mama. Ulikuwa unavaa viatu gani?"

Nilirudi nyumbani nikitazama viatu njia nzima, mpaka mkwe akaniuliza kama ninaumwa.

Wewe unajua shemeji yako ndiye aliyenishonea viatu. Lakini hukujua, hata nikinunua vya dukani alikuwa ananinyang'anya. Haniachi nitie mguu mpaka vilale karakanani kwanza. Namgombeza, "Wivu gani huu, mpaka kwa kiatu?" Ananijibu, "Vinabana, nivilegeze kidogo." Miaka yote hiyo. Na mimi nazunguka mtaani kusimulia kwamba nimeolewa na mwanamume anayeonea wivu viatu.

Nikamwomba mkwe afungue karakana. Hatukuwa tumeifungua tangu msiba. Harufu ya gundi ipo vilevile. Kalibu zake, ile miguu ya mbao anayoshonea viatu, zimening'inia ukutani, kila mteja na jozi yake. Zangu zilikuwa karibu na kiti chake. Mkwe akazishusha. Ya kulia ni mbao tupu. Ya kushoto ameipigilia kipande cha ngozi kisiginoni, kwa misumari midogo, kipande kimeshakuwa cheusi kwa uzee. Juu yake kipande kingine. Juu yake kingine, bado kina rangi. Alikuwa ananiongezea kisigino ndani ya kiatu cha kushoto kadiri ninavyozidi kuinamia upande huo, na hakusema.

Mkwe alilia. Mimi nilikaa kwenye kile kiti nimeipakata ile mbao, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Nikamwambia mkwe nipe kisu.

Nikakata ngozi, tukaitia ndani ya kiatu cha raba, chini ya kitambaa cha ndani. Muuguzi akapitisha kidole, akasugua kingo zisinichubue, akakubali. Ukumbini nikajimimina kushoto. Nikasimama. Fundi saa alikuwa ameshanyoosha mikono, ikabaki hewani. "Jamani, nimeachwa," akasema.

Jumapili mwanao akaja kushuhudia. Nikatoka chumbani. Reli nimeshika, mtu sijashika. Yeye kule chini katanua mikono kama anayezuia kuku asitoke. Nikamimina kulia, nikamimina kushoto. Nisikudanganye, sikusikia ngazi hata moja. Ganzi iko palepale. Lakini kila nilipoweka mguu nilikuta pana pa kusimama. Nilipofika chini mwanao alishusha mikono. Alichukua kufuli la karakana, akaenda kulitia mafuta. Ni mtoto wa baba yake.

Kwa hiyo hicho kitanda tandua. Nitakuja kukusalimia, si kukaa.

Sasa nina jambo na wewe. Siku unaondoka msibani ulibeba viatu vyangu vyeusi vya kamba, kwa kuwa mguu wetu ni saizi moja. Nilisema chukua. Siku ile hata ungeomba mlango ningekwambia ng'oa. Na mwanao ananiambia tangu utoke huku nyonga inakuuma, umezunguka hospitali, hawaoni kitu. Mdogo wangu, vua viatu vyangu! Wewe Mungu alikuumba sawasawa, shemeji yako ndiye anayekupindisha. Mkwe anacheka mpaka kalamu imeanguka chini ya meza.

Vifunge kwenye boksi, mpe yeyote anayekuja huku. Ndivyo vya mwisho alivyonishonea. Usitie mkono kisiginoni kupekua, wala usibandue kitu. Nataka kukanyaga palepale alipopaacha.

Nisalimie mumeo na kikohozi chake. Nisalimie mwanangu yule mrefu, na yule wa cherehani, na shangazi yetu kama bado anasikia. Kama hasikii, mshike mkono. Mungu awalinde mlalapo na mtembeapo, akuponye nyonga.

Mkwe amenipaka wino kwenye dole gumba, nimebonyeza hapa chini, ujue maneno ni yangu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni.