Kabichi Niliyoahidi Kanisani

Jumapili jioni, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa kukujaza vumbi kwenye meno. Mawingu yamejaa upande wa Ngong. Yatatuangalia weee, halafu yataenda kunyeshea watu wengine, kama kawaida yao.

Leo nimeaibika na nimeheshimika katika muda wa dakika kumi, na mpaka saa hii sijui ni lipi lilitangulia. Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kwanza nikiri. Mimi si mkulima. Mimi ni mtu wa stoo katika kiwanda kule Athi River, Jumatatu hadi Ijumaa nahesabu magunia ya wenyewe. Lakini niko na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane, na hicho kipande ndicho kimenikosesha usingizi.

Yote yalianza mwaka jana, Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu hubeba malimbuko, kitu cha kwanza kutoka shambani kwake. Kinawekwa mbele, kinaombewa, halafu kinapigwa mnada tukinunuliana wenyewe kwa wenyewe. Mimi sikuwa na kitu. Mboga zangu zote zilikuwa zimekauka. Basi Jumamosi jioni nikapitia supamaketi, nikanunua kabichi, na nilipofika nyumbani nikaipaka matope ili ifanane na ya shamba.

Ndiyo. Niliipaka matope.

Mnada wetu huendeshwa na Braza Wafula, mtu wa Bungoma, mdomo wake hauna breki. Aliinua ile kabichi juu, akaisifu, akaigeuza, na chini yake akakuta kibandiko ambacho mimi sikukiona. Akasoma bei kwenye maikrofoni. Watu walicheka mpaka mchungaji akalazimika kuketi. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa hawaniiti jina langu. Wananiita Supamaketi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi mvua ilipoanza nikasimama wakati wa ushuhuda nikatangaza kwamba mavuno yajayo nitaleta kabichi niliyoiotesha kwa mikono yangu, na nisipoileta wasiniamini tena hata nikiwaambia jina la mama yangu. Ulimi hauna mfupa. Mke wangu Kanini alikuwa ameketi kando yangu, akainama kutafuta kitu ndani ya mkoba. Hakukuwa na kitu. Ananijua.

Nilipanda miche thelathini. Huu udongo wetu mweusi, mvua ikinyesha unakuvua viatu, jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kupoteza simu ndani. Miche saba ikafia hapo. Maji ya kisima cha plotini yana chumvi, hata sabuni haitoi povu, nayo yakachoma mitano. Viwavi wakala yao, sikuhesabu, niliuma meno tu.

Halafu mbuzi wa jirani, mama mmoja Mmaasai, wakaruka ua wakala kumi na moja kwa asubuhi moja. Nilienda kwake nikiwa nimewaka. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" kwa ukali wote nilio nao. Akaniitikia "Ipa!" kwa tabasamu, akanivutia kiti, akanimiminia chai ya maziwa matupu. Nilirudi nyumbani na lita mbili za maziwa, na lile neno nililoenda kusema sikulisema.

Kufikia mwezi uliopita nilikuwa nimebaki na kabichi moja.

Moja! Lakini ilikuwa kabichi. Niliizungushia miiba. Niliiwekea mtungi chini ya mfereji wa paa ili inywe maji ya mvua peke yake. Viwavi niliwatoa kwa vidole, mmoja mmoja, na tochi ya simu. Kanini akasema, "Baba Mwende, hiyo kabichi inaogeshwa kuliko watoto wako." Hakukosea. Nilikuwa naamka naisalimia kabla sijamsalimia yeye, na alipogundua, hiyo wiki haikuwa nzuri kwetu.

Jana ilikuwa tayari. Imefunga, ngumu, ukiigonga inaitika. Niliamua nitaikata leo alfajiri ikiwa na umande, niipeleke kanisani moja kwa moja, Wafula aigeuze mpaka achoke. Nikiwa na furaha hiyo nikaenda Isinya kutafuta mbolea ya kuku kwa ajili ya nyanya.

Nilirudi saa tisa. Nikiwa getini nikasikia harufu ya kitunguu na kabichi ikikaangwa. Harufu tamu kweli. Nikajiambia, Kanini leo amepika vizuri, lazima alipitia kwa mama mboga.

Kisha nikaona viatu mlangoni. Viatu vya mama mkwe.

Hapa lazima nieleze. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake. Siku hizi tumelegeza, tunasalimiana, lakini hatuketi meza moja, hatutaniani, na akitaka kuniambia kitu anamwambia Kanini, nami niko pale pale nasikia. Miaka kumi na minne sasa. Ukimkosea mama mkwe unalipa mbuzi, na kabla hujalipa mbuzi umeshalipa kwa maneno ya ukoo mzima.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kisiki cha kabichi na kisu kando yake.

Woi! Nilisimama pale na gunia la mbolea begani nikashindwa kulitua. Mwanaume wa miaka arobaini na sita, na machozi yalikuja. Nasema bila kuficha.

Kanini akatoka akinong'ona. Mama alikuwa amefika kutoka Makueni bila kupiga simu. Kanini akakimbia dukani kuchukua unga. Mama si mtu wa kuketi bure, akaingia shambani, akaona kabichi moja imekomaa katikati ya ardhi iliyopasuka, akaona ikilala hapo siku nyingine itapasuka nayo. Akasaidia. Kanini aliporudi, kabichi ilikuwa kwenye sufuria.

"Si ungemwambia!" nikasema.

"Nimwambie nini? Airudishe?"

Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikala jikoni juu ya kistuli, wao wakala sebuleni. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia kila kitu. Mama akauliza hii kabichi mlinunua wapi. Kanini akamwambia ni ya Baba Mwende. Mama akauliza tena, "Ya mkono wake?" Ndiyo, ya mkono wake. Kisha nikasikia kijiko kikigonga sahani.

Nilipoenda kwao kujitambulisha, huyu mama aliuliza swali moja ambalo shemeji yangu aliniletea baadaye: "Huyu wa stoo, mkono wake umewahi kuotesha nini?" Halikuwa tusi. Kwao watu wanalima. Lakini nimelibeba hilo swali miaka yote, na wakati mwingine nashangaa kama ile ahadi ya kanisani kweli nilikuwa nawaahidi watu wa kanisa.

Kabichi yenyewe ilikuwa tamu. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Kabla sijalala nilikuwa nimeshapanga kuamka saa kumi na moja, niende sokoni, ninunue nyingine, na safari hii niikague pande zote. Nilikuwa nimetayarisha hata koti. Kanini akaniambia akiwa amefumba macho, "Mama anakuja kanisani na sisi kesho."

Basi. Shahidi aliyeimeza kabichi angeketi benchi moja nami huku kabichi nyingine ikiombewa. Nilirudisha koti.

Kwa hivyo leo nimeingia kanisani na Biblia peke yake. Mbele kulikuwa na mahindi, ndizi, malenge, kuku wawili waliofungwa miguu, na jogoo mmoja aliyeitikia kila sala. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Mama mkwe alikuwa mwisho wa benchi, Kanini katikati yetu.

Braza Wafula alipomaliza ndizi akajisafisha koo. "Na sasa wapendwa, mwaka mzima tumengoja. Supamaketi yuko wapi?"

Nilisimama. Nikasema nilipanda. Nikasema ikamea, ikafunga, ilikuwa moja tu lakini ilikuwa kubwa. Nikasema jana ililiwa.

Watu wakaanza kucheka, ile ya chini chini.

"Ililiwa!" Wafula akasema. "Pole sana. Na ililiwa na nani?"

Hapo ndipo niligundua nimejiingiza kwenye shimo. Ningesemaje? Nimtaje mama mkwe mbele ya kanisa lote kwamba amekula malimbuko ya Bwana? Afadhali niitwe mwongo mpaka kaburini. Nikatafuta kitu cha kusema, na kile kilichokuja mdomoni ndicho nilichosema.

"Mbuzi."

Kanisa likapasuka. Mtu huko nyuma akaitikia, "Mbuzi wa supamaketi!" Hata mchungaji alijifunika uso na kitambaa. Mimi nikawa nimemaliza, nikawa naketi, nikijua hili jina nitazikwa nalo.

Kisha nikasikia benchi letu likilia. Mama mkwe alikuwa amesimama.

Ni mwanamke mfupi, na huwa hazungumzi mbele ya watu asiowajua. Alifunga leso yake vizuri. Akangoja mpaka wakanyamaza, hata jogoo.

"Huyo mbuzi ni mimi," akasema.

Ngai! Nilitamani udongo wetu upasuke zaidi.

Akaendelea kwa Kiswahili chake cha Makueni, polepole. "Ni mimi nilikata. Sikujua ni ya Mungu, hakuna mtu aliniambia. Nilipika na kitunguu moja na nyanya mbili, nikakula sahani mbili. Mimi nimelima kabichi kabla huyu wa kipaza sauti hajazaliwa. Na kabichi tamu kama hiyo sijakula. Sasa mnacheka nini? Huyu si mwongo. Huyu ni mkwe wangu."

Akaketi.

Sijui nani alianza kupiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakaogopa. Wafula alibaki na maikrofoni mkononi na mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza nikaona hana neno. Mchungaji ndiye aliyetuokoa. Akasema malimbuko lazima yafike mbele, na kwa kuwa tunajua yalipo sasa, basi Mama aje mbele aombewe. Akaenda! Akasimama kati ya mahindi na malenge, mchungaji akamwombea, na kabla amina haijakauka Wafula akawa amepata sauti yake: "Haya, nani ataanza bei?"

Hata Mama alicheka. Sijawahi kumwona akicheka nikiwa karibu. Ana pengo upande wa kushoto.

Njiani kurudi nilitembea mbele yao hatua ishirini. Nilikuwa nahesabu makosa. Nimemwita mama mkwe wangu mbuzi, mbele ya madhabahu, siku ya mavuno. Kwa desturi nalipa mbuzi. Na nikilipa, nitasema ni wa nini? Nikamuuliza Kanini tulipofika. Alicheka mpaka akashika ukuta, hakunisaidia hata kidogo.

Baada ya chai Mama akamwambia Kanini kwamba angependa kuona shamba. Tukaenda, mimi mbele, Kanini katikati, yeye nyuma. Nikaona aibu upya. Bila ile kabichi hapana kitu cha kuonyesha mtu: nyanya zilizojikunja, sukuma mbili zenye matundu, na ardhi imefungua midomo. Alizunguka kote akiwa na mikono nyuma. Akachukua donge la udongo, akalivunja, akanusa. Nilingoja amwambie Kanini kitu cha kuniambia.

Hakumwambia Kanini. Alinigeukia mimi, akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Baba Mwende," akasema. "Lete jembe."

Nilikimbia. Mtu mzima, na suruali ya Jumapili, nilikimbia mpaka stoo nikagonga goti kwenye mlango, na sikuhisi.

Tumelima mpaka giza likaingia, yeye akionyesha kwa kidole, mimi nikichimba. Hakusema mengi. Chimba hapa. Si hivyo. Weka majani chini kabla ya mbolea. Kanini aliketi kwenye ndoo akitutazama, hakuna aliyemhitaji kupeleka maneno.

Hivi kuna watu huambiwa maneno mawili na moyo ukajaa namna hii, ama ni mimi tu?

Nimeambiwa niamke mapema kesho. Ameniambia mwenyewe.