Tarehe ya Shingo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mimi Yusufu Nandonde, miaka sabini na nane. Reli ya Mtwara walipoitandika nilikuwa nabebwa mgongoni, walipoing'oa nilisimama nikatazama. Mimi bado nipo. Nimepita vita vya ng'ambo ya Ruvuma, kimbunga kilichochukua bati za msikiti wetu, na waganga wawili walionitabiria kifo. Wote wawili nimewazika mimi.

Leo nimeanza daftari. Nesi Elizabeti wa zahanati ya kijijini kasema: mzee, shida yako iandike, ukifika kwa daktari usisahau. Mimi sisahau kitu. Lakini nimenunua. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la kisomo, nikawa wa kwanza. Tulikuwa wanne.

Shida yenyewe — mkojo. Nasimama kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Unatoka kidogo, unakata. Nasubiri. Unakata tena. Elizabeti anadhani ni tezi dume. Alinong'ona, nami nikakohoa ili asirudie. Kasema nikaonwe na bingwa mjini.

Nafunika daftari. Mke wangu Mwanakombo anakuja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimefikia Magomeni, hapa Mtwara mjini, kwa binti yangu Nasra. Nimemwambia nimekuja kupima macho.

Saa kumi na mbili asubuhi niko geti la hospitali. Wa kwanza, nilidhani. Mbele yangu watu arobaini. Mlinzi anaitwa Issa, Mmakua. Kusikia matamshi yangu tu akaanza utani: Mmakonde, kwenu hakuna makaburi mpaka uje kufia huku? Nikamwambia Mmakua hafi, anaoza taratibu ndani ya sare. Akafurahi sana, akanipa kiti chake.

Dirisha la kuandikishia yuko binti wa bara, Magreth. Shikamoo kanipa, adabu anayo. Ila sauti! Ya kwaya. Babu, unasumbuliwa na nini? Watu wote wanasubiri nijibu. Nikageuka. Benchi la mbele kakaa Bi Zainabu, mama yake Mussa, mume wa Nasra. Mkwe wangu! Jumatano ndiyo kliniki yake ya presha. Mbele ya mkwe mimi hata kujikuna sijikuni.

Nikasema, tezi.

Tezi, babu?

Tezi.

Neno la pili nililimeza. Kaandika. Tarehe yangu ni Alhamisi, 25 Septemba. Nikasema mbona mbali, wiki tatu. Kasema nishukuru, daktari mwingine amejaa mpaka Novemba. Nikatoka kifua mbele kama niliyeshinda kesi.

Bi Zainabu kaniuliza, mkwe, unaumwa nini? Nikasema macho. Kanitazama shingo, kanitazama macho. 

Jumatatu, 8 Septemba

Nimegundua dawa mwenyewe. Sinywi maji. Kisichoingia hakitoki, hapo hata bingwa hana la kuongeza. Siku ya kwanza nafuu kubwa. Nikajisifu sana humu ndani, kimoyomoyo.

Leo siku ya tatu. Kizunguzungu. Nimemwitikia marahaba mbuzi wa jirani.

Nimekunywa maji.

Ijumaa, 12 Septemba

Kijijini nimeadhini miaka thelathini na moja. Sauti yangu walikuwa wanaisikia mpaka Mnazi Bay, upepo ukiwa mzuri. Hata ukiwa mbaya.

Leo msikiti wa Magomeni nimetawadha mara tatu na mara tatu nimetoka kwenye safu. Tone tu. Lakini tone ni tone. Mara ya tatu nikavaa viatu.

Nimeswali nyumbani, nimekaa kitandani. Basi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi dirishani kuomba tarehe isogezwe. Leo sio siku ya presha, Bi Zainabu hayupo, nilidhani nitasema vizuri. Nimekuta nyuma yangu wanawake sita na mwalimu wa madrasa.

Nikamwambia Magreth, mjukuu wangu, ile tezi imezidi. Kaniuliza, inakubana ukimeza? Nikafikiri, anaulizaje habari za kumeza? Lakini yeye ndiye mwenye kompyuta. Nikasema nameza vizuri sana. Unapumua vizuri? Nikasema mapafu yangu ni ya kijana. Basi babu, tezi hiyo haina haraka, kuna watu wanakaa nayo miaka kumi.

Miaka kumi! Nikamuuliza wanakaaje. Kasema wengine wanafunga kitambaa tu.

Nimewaza hicho kitambaa njia nzima mpaka Magomeni.

Jumatano, 24 Septemba

Kesho. Nimenyoa ndevu, nimefua kanzu. Nasra kasema, baba, kupima macho tu unajipamba hivi? Nikamwambia macho ya watu nayo yananipima.

Mwanakombo kapiga simu. Korosho zimeanza kudondoka, anaokota peke yake. Kauliza, Baba Nasra, hayo macho yanakwisha lini? Sauti yake haikuwa ya kuuliza macho.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika pole pole maana nina hasira na sijui ya nani.

Nimesubiri toka saa moja mpaka saa sita. Nimeingia. Daktari kijana, Brian, pembeni wanafunzi wawili wa unesi, wasichana. Kanikaribisha vizuri. Kasema mzee vua kofia, inua kidevu. Nikainua. Kanishika shingo kwa mikono miwili. Meza mate. Nikameza. Tena. Nikameza. Nikajisemea kumbe ukaguzi wanaanzia juu, watashuka. Hawakushuka. Kanipa maji nimeze. Nikameza gilasi nzima, nikamwona anashangaa, nami nikaona nimefaulu.

Kasema: mzee, shingo yako nzuri kuliko yangu. Hapa sioni tezi.

Nikasema, haiko huko.

Iko wapi?

Wale wasichana wananitazama. Nikachukua kofia yangu nikaielekeza chini.  Kofia ndiyo iliyosema.

Hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Mmoja alikwenda dirishani kutazama nje, na nje kuna ukuta.

Brian kawatoa, kaniuliza taratibu, nami nikajibu kwa kichwa, ndiyo na hapana. Kasema yeye ni wa shingo. Wa tezi dume ni Daktari Andrea, anaona wagonjwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi tu. Wiki ijayo amejaa. Nimepewa 6 Novemba. Yaani yule wa Novemba ndiye alikuwa wangu toka mwanzo, mimi nikashukuru kumkosa.

Brian kaandika barua, kaweka ndani ya kadi. Kasema, ukiziba kabisa, mzee, usingoje tarehe wala dakika. Njoo siku hiyo hiyo, useme umeziba.

Useme. Anavyolitamka, kama jambo jepesi.

Getini Issa kauliza, vipi Mmakonde? Nikamwambia nina shingo bora mkoa mzima, imethibitishwa na daktari.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwambia Nasra macho mazima, kesho kutwa narudi kwenye korosho. Mussa kasema atanipeleka kwa bodaboda. Nikawaza bodaboda, mashimo, na hali yangu. Nikasema nitafikiri.

Tone, tone. Tumbo la chini limekuwa gumu kama dafu.

Jumanne, 30 Septemba

Asubuhi kidogo sana. Toka adhuhuri hakuna.

Nimekaa chooni mpaka Nasra kagonga. Baba? Nikasema naweka sawa bomba. Kasema, bomba la nani?

Mwanangu huyo. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika hapa kwenye shingo yangu nzuri, likarudi.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika nimesimama, nimeegemea ukuta wa hospitali. Kukaa siwezi. Kama sitaandika nitalia, na kulia mbele za watu sijazoea.

Nimekuja peke yangu toka alfajiri. Issa kanitazama mara moja tu, hakutania. Mmakua asiponitania najua nimekwisha. Kanishika mkono mpaka dirishani, kawapita watu wote.

Magreth: babu, mbona tarehe yako bado? Ya Novemba, ile ya —

Na nyuma yangu benchi la presha limejaa. Jumatano! Nilisahau ni Jumatano. Bi Zainabu pale pale, kiti kile kile.

Nikasema: tezi.

Magreth kasema, najua babu, lakini Daktari —

Nikavuta pumzi. Ile ya adhana, ya kutoka tumboni, ikaniuma kote. Nikasema TEZI DUME. Nimeziba toka jana adhuhuri. Mkojo hautoki hata tone.

 Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza kunisikiliza.

Magreth kasimama. Sauti ya kwaya imekwisha, kasema kidogo tu: babu, kwa nini hukusema siku ile?

Nikamwambia, nilisema nusu.

Hapo nikamsikia Bi Zainabu. Kainuka, fimbo chini. Kawaambia watu: mpisheni mkwe wangu. Marehemu Baba Mussa naye yalikuwa haya haya, akasema mgongo. Mgongo, mgongo, miezi sita, mpaka tukamzika na mgongo wake. Mpisheni.

Miaka tisa huyu ni mkwe wangu. Mimi nilichimba lile kaburi. Na mimi nilikuwa nasema, masikini, mgongo.

Magreth katoka mbio. Daktari Andrea yuko chumba cha upasuaji, wamekwenda kumwambia. Watanitia mpira wa kutolea mkojo. Zamani nilicheza mpira, winga wa kulia, hakuna aliyenikamata. Huu wa leo hata golikipa simuoni. Issa kapiga simu kwa Nasra. Mwanakombo naye ataambiwa, na atasema alijua.

Mlango umefunguka. Wameita Yusufu. Tumejongea Yusufu wawili. Mwenzangu kafunga kitambaa shingoni.

Mimi ni yule wa neno zima. Anayebisha kwamba nililitamka akamuulize Magreth dirishani, au Issa wa getini, au Bi Zainabu, ambaye sasa hivi kanishikia kofia.