Yaya, Mguu Wako Haukuunguza Mashine

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Ninakuandikia mahali pa wazi, kwenye gazeti la ukuta la shule yetu hapa Butembo, kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na bwana yako. Kila nikipiga anasema umelala, hata saa sita mchana. Sitaandika jina lake wala la lile duka tuliloenda. Hapa kila nyumba ina Masika wake, binti wa kwanza, kwa hiyo atakayesoma hatajua ni yupi. Wewe utajijua. Labda mtu anayeshuka Beni atakufikishia.

Ulipofika kutoka huko msimu wa mvua, ulikuwa umefunika mdomo kwa kitambaa. Mama alipokufunua, jino la mbele halikuwepo. Papa alitazama pembeni, kisha akatoa sharti lake: "Ukijilisha na mikono yako, utabakia. Ukishindwa, unarudia kwa bwana." Hukubishana. Uliuza pagne zako zote, vitenge vya harusi, ukanunua mashine ya kushona yenye mota, ukanunua betri. Ikabaki convertisseur, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa kwenye waya.

Ulinichukua mimi tukaichague. "Weye njo unasomaka mabuku," uliniambia juu ya pikipiki, "leo utanisomea." Nilijiona mtu mkubwa.

Unalikumbuka lile boksi? Mbele liliandikwa kwa herufi za dhahabu, "onde sinusoïdale pure", yaani wimbi safi, na chini yake mchoro wa wimbi laini. Muuzaji akafanya wanavyofanya wote mtaa ule: akaunganisha ampoule, balbu ya taa. Ikawaka.

"Shi unaona, Mama Couture? Ampoule haidanganyake batu!" alikuambia, kwa vile ulimwambia unashona.

Waliokuwa dukani wakaitikia. Wewe ukatabasamu mdomo umefungwa, ulivyokuwa umejifunza kutabasamu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukigeuza chombo chenyewe. Nyuma, karibu na feni, kulikuwa na kibati kidogo, na juu yake, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, "onde modifiée", wimbi lililobadilishwa.

Nilijua tofauti, yaya. Nilikuwa nimeisoma katika buku la fizikia wiki chache kabla. Umeme wa wimbi safi hupanda na kushuka taratibu, kama vilima vya njia ya Lubero, bila kukatika popote. Ule mwingine hupanda ghafla kama ngazi ya saruji, unasimama, unaanguka, unasimama tena. Ampoule haijali. Pasi haijali. Zinataka joto tu, na joto linapatikana kwa vyovyote. Mota ndiyo inayoumia: inanguruma, inapata moto, na pedali inayoongoza mwendo wake inachanganyikiwa. Kumbe kujaribu kwa ampoule ni kuuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo siku zote.

Nikamwambia muuzaji, kwa sauti yangu hii ndogo unayoijua, "Mais papa, huku nyuma bameandika ingine."

"Ah, mademoiselle ingénieur! Weye ulishaka tengeneza hata torche?"

Watu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Huyu ataolewa na buku!" Wakacheka zaidi.

Wewe hukucheka. Ulinigeukia. "Iko nini, mudogo wangu? Sema."

"Hapana kitu, yaya."

Nimeandika sentensi hiyo hapa ili nisiweze tena kujidanganya kwamba sikuisema.

Wiki ya kwanza ulishona ukiimba. Wiki ya pili mashine ilianza kunguruma, na ukigusa pedali kidogo tu sindano inakimbia kama imeona nyoka. Nilikuwa nimeketi kando yako na kazi zangu za shule, ninasikia, ninajiambia labda buku limekosea. Wiki ya tatu, katikati ya nguo za waimbaji wa chorale, moshi ukatoka.

"Bwana amekushinda, mashine imekushinda," Papa alisema. "Muguu yako ni nzito mu kila kitu."

Ukautazama mguu wako. "Ni kweli, papa. Nilikanyaga sana."

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kikombe. Jumapili bwana yako akaja na mjomba wake na kreti ya vinywaji, wakazungumza na Papa vizuri sana, kama watu wanaorudishiana jembe waliloazimana. Ulipopanda pikipiki uliniambia, "Soma sana." Sijui kama ulikuwa unanibariki au unanitukana. Ningependa iwe matusi.

Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu wa fizikia aifungue mashine. Alikuta pedali imeungua ndani, na waya za mota zimekuwa nyeusi. Akasoma kibati, akasoma boksi, akasema, "Hii haikuwa kosa ya mushonaji." Nikaenda dukani. Maboksi ni yale yale, na kinyozi mmoja alikuwa anaangalia ampoule ikiwaka. Nikamwambia ageuze nyuma asome. Safari hii sikunyamaza walipocheka. Alinunua hata hivyo.

Basi nikamwambia Papa yote, kibati nilichokibandua kikiwa mkononi. Alikishika kwa muda mrefu, na hajui Kifaransa.

"Na siku ile dukani, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, papa."

"Sasa njo unasema?"

Akachukua jembe, akaenda shambani. Hakusema urudi.

Sikuandikii ili unisamehe. Ninaandika ili huko uliko usiendelee kuamini kwamba ni mguu wako uliokurudisha. Aliyekurudisha ni yule aliyebandika wimbi la uongo juu ya boksi. Ni Papa na sharti lake. Na ni mimi, niliyeona aibu ya kuchekwa na watu nisiowajua, nikakuacha ulipe wewe.

Baki salama, kadiri wanavyokuruhusu. Na siku utakayoweza kutoka, toka, njoo. Papa hajakuita. Ninakuita mimi, na mimi sina nyumba.

Mdogo wako