Jagi la Mama Mkwe

Nyumba za Wafanyakazi,
Kituo cha Utafiti wa Mpunga,
Jumapili jioni.

Mpendwa Shangazi,

Basi kama nilivyokuwa nakuambia kabla salio halijaniishia, ndoa ni tamu jamani! Goti lako limepoa? Bibi bado anaficha dawa chini ya mto wa kitanda? Sisi wazima, nami nazidi kunenepa kwa raha.

Uliuliza mume wangu (bado natabasamu nikiandika neno hilo!) anafanya kazi gani. Shangazi, anamwagilia mpunga maji ya chumvi, makusudi! Anasema kila mche una vinasaba, maagizo ya kurithi. Chumvi ikifika mizizini, baadhi huamka kama mabawabu wakaizuia isipande majanini. Mche ambao mabawabu wake wamelala fofofo, hunyauka. Alinieleza haya siku ya kwanza ya fungate, nikajua nimepata mwanamume anayeyajua mahaba.

Sasa sikia. Paa la banda la kazini linavuja, kwa hiyo mabeseni ya miche yakahamia verandani kwetu. Bosi alikuwa aje Ijumaa. Akikuta miche yote imekauka, banda wanapewa watafiti wa nyanya, na utafiti wa mume wangu kwaheri.

Mwanzoni mwa wiki miche ilikuwa njano tupu. Alhamisi ikawa kijani! Mume wangu alinibeba akanizungusha mpaka kandambili ikaruka kwa jirani. Akampigia bosi palepale: "Nimepata mpunga wa ajabu!"

Ijumaa asubuhi nikamfuma mama mkwe, aliyekuja kututembelea, ananywesha miche maji ya bomba kwa jagi.

"Mama! Hiyo ni kazi ya mwanao!"

"Kazi gani ya kulisha viumbe chumvi? Nimemsomesha mpaka kasahau kuwa mmea una kiu?"

Nikisema, namwaibisha mama. Nikinyamaza, mume wangu anaaibika mbele ya bosi. Nikamwambia mume wangu, polepole, huku nimemshika mkono. Akakalia ndoo. Mama mkwe naye akanywea.

"Nisamehe, baba. Lakini lile beseni la nyuma ya pipa sikulifikia. Mgongo huu."

Mume wangu aliruka! Huko nyuma miche yote ilikuwa imelala chali, isipokuwa miwili, imesimama kijani kana kwamba habari za chumvi haijazisikia.

Alimweleza bosi kila kitu. Bosi akachovya kidole kwenye lile beseni, akaonja, akatema. "Chumvi kweli. Nyanya zisubiri."

Majani ya ile miwili yamekatwa kidogo, yamewekwa kwenye barafu, wakachunguze ni vinasaba gani vilivyoamka. Mche mmoja mume wangu kaupa jina langu, mwingine la mama yake. Eti sote wawili hatutishiki.

Nisalimie Bibi, binamu zangu, na fundi cherehani aliyenishonea gauni. Mungu akulinde, akupe goti jipya.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kukuona, sote watatu. Wa tatu ni mama mkwe, kwa hiyo ficha majagi.

Ni mimi mwanao, mke wa mtu, nikupendaye sana.