Kwa Lowell Tveit, Aliyezitetea Siku Saba

Mwaka mmoja umetimia, Lowell, tangu asubuhi ile ya Machi moyo wako uliposimama, wewe ukiwa na koleo mkononi, ukimwondolea jirani theluji mlangoni. Hakuna aliyekuomba. Hukuwa mtu wa kungoja kuombwa.

Kwa miaka ishirini na sita uliwafundisha watoto wa wilaya yetu usalama wa bunduki, kila Agosti, katika ukumbi wa zimamoto. Mtoto aliyemwelekezea mwenzake mtutu, hata kwa mzaha, ulimtoa nje, awe wa mchungaji au wa mkuu wa polisi. Aliyefaulu ulimpa mkono kama mtu mzima, ukamtilia saini kwenye cheti cha uwindaji. Kahawa yako ilikuwa nzito kama lami, na kanisani uliimba kwa sauti kubwa kuliko ulivyojaliwa. Tuliyavumilia yote mawili kwa furaha.

Kisha ikaja Ijumaa ile ya Februari, mwaka uliotangulia kifo chako. Kijana mmoja aliingia katika ukumbi wa mji wa Alder Falls, watu wakiwa mezani wanakula samaki, akaua saba. Bunduki aliinunua Jumanne ya juma lilo hilo. Cheti chake cha uwindaji, alichopewa akiwa na miaka kumi na miwili, kilikuwa na saini yako.

Ulikuwa katika muhula wako wa nne kama mbunge wetu katika bunge la jimbo. Ukaletwa muswada wa kumtaka mnunuzi wa bunduki angoje siku saba kabla ya kukabidhiwa. Kila mtu wilayani alijua kwamba mbunge wetu akiuunga mkono, kiti hana. Mimi mdogo wako nilikuandikia nikikusihi unyamaze. Ulinijibu kwa mstari mmoja: "Curtis, shule ya bweni tuliyosoma sote wawili haikutufundisha kunyamaza."

Sisi jamaa zako tulikuwepo kamati ya bunge ilipokuhoji.

"Mheshimiwa Tveit, wewe mwenyewe una bunduki ngapi nyumbani?"

"Kumi na moja. Na sijaja hapa kuomba msamaha kwa hata moja."

Ukumbi ukacheka.

"Sasa kwa nini unataka kuwasumbua raia wema?"

"Kwa sababu yule kijana nilimfundisha mimi. Jumatatu alifukuzwa kazi, Jumanne akanunua, Ijumaa akaua. Siwezi kukuapia kwamba siku saba zingemtuliza. Lakini tatu hazikumtosha, hilo tumeliona wote."



Muswada ulianguka kwa kura mbili. Novemba nawe ukaanguka katika uchaguzi, kwa kura mia nne na kumi.

Wiki mbili baadaye msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa, ukaenda kwenye kambi yetu ya uwindaji kama kila mwaka, ingawa mkeo Corinne alikusihi ubaki. Kambini kwetu, anayemfyatulia kulungu risasi akamkosa hukatwa ncha ya nyuma ya shati, ikapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Delmar Zastrow, mwenye duka la bunduki, rafiki yako tangu utotoni na kiongozi wa kampeni iliyokuangusha, alikungoja mlangoni na mkasi.

"Geuka, mheshimiwa mstaafu."

"Delmar, sijafyatua hata risasi moja."

"Ulifyatua kule bungeni, ukatupiga sisi. Geuka, bwana!"

"Haya, kata. Ila kata shati tu, mgongo niachie."

Ukageuka. Lilikuwa shati jipya. Kisha ukaketi mahali alipokuwa akiketi baba, ukala, na zamu yako ilipofika ukaosha vyombo. Wapo waliodhani ungeondoka kesho yake. Ulikaa siku zote tisa za msimu, na aliyekusema hukumrudishia neno la uchungu.

Juma moja baada ya kukuzika, Delmar alibandika tangazo dukani kwake: bunduki inayonunuliwa hapa huchukuliwa siku ya saba. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Wateja walimtukana, na wengine wakahamia duka jingine. Tangazo hakulibandua.

Oktoba alifika kwa mama, akavua kofia jikoni.

"Mama Ardis, kuna jamaa alilipia bastola wiki iliyopita. Alitaka aondoke nayo palepale. Nilipokataa, alinitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako."

"Usiyarudie. Halafu?"

"Leo ndiyo ilikuwa siku ya saba. Amekuja na mke wake. Ananiambia, 'Muuzie mwingine, siitaki tena.' Mkewe akanishika mkono, Mama. Alinishika tu, hakutaka kuniachia."

Mama akavuta kiti.

"Kaa ule, Delmar."

Muswada utasomwa tena Mei. Delmar ameomba kusimama mbele ya kamati kuutetea, na sisi sote tutakuwa nyuma yake.

Unakumbukwa kwa fahari na mama yako Ardis, mkeo Corinne, wanao Britta na Nels, dada yako Solveig, nami mdogo wako Curtis, niliyekushauri vibaya na ninayekiri hivyo hadharani.

Maadamu tunaishi, Lowell, tutakukumbuka.