Tuba ya Tata Inarudi Moba

Kolwezi, mtaa wa Kapata

Tata wangu,

Nakusalimia kwa mikono miwili, mi mwanao Kiyana. Sikio la kushoto linaendeleaje? Bado linauma ukitoka majini? Na Mama, mguu wake umepoa? Mi niko muzima, lakini siyo muzima kabisa, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu husikii, unaitika tu "ndiyo, ndiyo". Mdogo wangu Feza atakusomea polepole.

Ulituma neno kwamba macho yako hayawaoni tena wale samaki wa rangi kwenye mawe, na tajiri anayewanunua wakiwa hai anakaribia kukuacha. Unataka nirudi kabla ya mvua nishike kazi yako chini ya maji. Tata, nililia mbele ya watu bila haya.

Ile tuba uliyonipa siku napanda lori, mrija wako wa kupumulia, imefanya kila kazi huku isipokuwa yake. Mama mwenye nyumba anapulizia moto kwenye mbabula, jiko lake la makaa, hataki tena kuinama na kula moshi. Jirani wa pikipiki aliinyonyea mafuta, tukagombana, na hata leo ukiitia mdomoni inanuka esansi. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Halafu nikafanya ujinga. Wachimbaji madini wenye uwezo wana mashine ya kusukuma hewa shimoni. Sisi hatukuwa nayo, na kule chini joto lilikuwa linatuua. Nikasema, mi mtoto wa mzamiaji, nani atanifundisha kupumua? Nikafunga mpira mrefu kwenye tuba kwa vipande vya tairi, ncha nikaiacha juu, nikashuka nimeiuma kama niko ziwani. Wenzangu wakacheka: "Weye mutoto wa Moba, huku hakuna samaki!" Muda kidogo kichwa kikaanza kugonga. Pumzi niliyotoa haikufika juu, ilirudi mdomoni mwangu ileile. Kasongo, mwenzangu wa shimo, akanivuta kwa kamba na kunipiga kofi: "Unakunywa pumuzi yako mwenyewe, kichwa nguvu!" Na wewe uliniambia tangu utoto, tuba isipite urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nilisahau, Tata.

Hiyo ilipita. Vumbi ndilo halikupita. Nimekohoa kiangazi chote. Nilipopata neno lako nikaenda karibu na Musonoi, kwenye shimo la zamani lililojaa maji, nijaribu. Nikalala juu ya maji, uso chini, tuba mdomoni, kama ulivyonilaza nikiwa mdogo. Nilipotaka kuzama, kifua kikakataa. Kikohozi kikanikamata, maji yakaingia kwenye tuba, nikatoka kwa magoti. Nikarudia, wapi! Muganga wa kituo cha afya amesema nisishuke tena shimoni, na majini nisithubutu. Sasa nachambua mawe huku juu, pamoja na wamama.

Najuta, Tata. Nilitoka kwako na kifua kizuri, nikakileta kwenye vumbi. Najuta kila nikipanda kilima cha hapa nyumbani na kusimama katikati.

Tuba nimeichemsha, nimeisugua kwa ndimu, na dereva wa lori la mahindi amekubali kuifikisha. Miwani ya maji nimeivingirisha ndani ya shati langu la zamani.

Nisalimie Mama, na baba mdogo mwenye mtumbwi. Bibi mzaa mama mwambie bukari, ule ugali wa mihogo, naipata, ila siyo kama yake.

Sasa Feza, hapa usiruke mstari, hata Tata akikunja uso. Ulikuwa unazama kwa siri na bua la jani la mpapai mdomoni, ukaleta samaki wa bluu kwenye sufuria, yuko hai, na sisi tukakucheka eti mwanamke hafanyi kazi ya majini. Tuba ni yako. Kifua chako ni kizima.

Tata, mlaze juu ya maji kama ulivyonilaza mi.

Mwanao,
Kiyana