Nilimpika Mungu wa Sarita

Jumatatu, tarehe 4
Hamjambo nyumbani. Mama, mgongo umepoa? Katana mkwe wangu, salama? Dama na Kahindi, shule mnaenda ama mnazurura? Sidi mwanangu, na huyo aliye tumboni, nawasalimu wawili. Nawasalimu humu daftarini kila asubuhi kabla ya kufagia. Simu hukaa kwa madam mpaka jioni.
Jana Sidi alisema miguu imevimba, kichwa kinauma, anaona vimulimuli. Kliniki wamesema ni presha, aende hospitali. Mama mkwe wake hataki. Amemfunga kitambaa cha upako tumboni, eti kukimbilia daktari ni kumtukana Mungu. Roho yangu haitulii.

Jumanne, tarehe 5
Nimemwambia Sarita, Mnepali ninayepika naye hapa kwa madam, Malqa, huku Uarabuni. Kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga. Alinishika mkono tu.

Jumatano, tarehe 6
Balaa. Wageni wa madam, yalla yalla, haraka haraka, kila saa. Nikaona donge la bizari ya manjano kwenye sahani, nikalitia kwenye wali wa mbuzi. Sarita akaja anatafuta sahani. Kumbe donge ni mungu wake mwenye kichwa cha ndovu! Alimfinyanga amwombee Sidi. Picha ya mungu wake hapa hairuhusiwi, bizari haishtukiwi. Na mimi nimempika na mbuzi. Nikajua mwanangu basi tena.
Sarita alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Sidi, amekolea chumvi?"

Alhamisi, tarehe 7
Nimemuuliza mbona hana hasira. Anasema humfinyanga, humwomba, kisha humyeyusha majini mwenyewe. Na kile kichwa? Hakuna ndovu anayekaa mawinguni, anasema. Masikio makubwa ni kusikiliza. Mdomo mdogo ni kunyamaza. Moyo unataka pa kutazama, halas, basi.
Nilikasirika. Halafu nikafumba macho niombe, nikamwona mzee wangu wa ndevu nyeupe. Ni yule wa kalenda ya kanisani. Nani aliniambia Mungu ana ndevu? Nikaogopa. Lakini niliomba, na maombi hayakupungua kitu.
Basi kitambaa nacho ni cha kutazama. Hakishushi presha.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeomba simu asubuhi. Sijawahi. Madam akatoa. Sikumpigia Sidi, nilimpigia mama mkwe wake. Nikasema, Mama Katana, kitambaa ni alama, Mungu hajakunjwa humo ndani. Aende nacho, sikatai, lakini aende. Akasema Uarabuni kumeniharibu. Nikasema sawa, kumeniharibu, Katana alete gari, na simu sikati mpaka nisikie mlango wa gari.
Nikausikia mlango.

Jumapili, tarehe 10
Msichana. Mdogo, lakini analia vizuri. Alitolewa kwa upasuaji. Sidi yuko hai, presha inashuka. Kile kitambaa wamemfunika nacho mtoto kichwa.
Sarita alifinyanga mwingine, wa kushukuru. Nilimshikia sahani, tukamyeyusha kwenye sinki. Nikaomba kwa Mungu wangu, macho wazi.
Sidi, jina la mtoto hujasema. Niletee upesi mama, kesho asubuhi nimsalimu na wenzake.